Mwaka wa Tumbo Jepesi

Mpaka leo chakula changu cha jioni nakila jua halijatua, tena peke yangu, na wanaonijua wamechoka kuniuliza kwa nini. Nikialikwa mahali baada ya isha huenda, hukaa, husifu pilau, huonjaonja ukingoni mwa sinia kama kuku mgeni, kisha hurudi chumbani kwangu Bondeni na shibe yangu ya tangu saa kumi na mbili. Nimezoea. Lakini mwezi uliopita tulisoma arobaini ya Shangazi Mwanaidi, dada yake marehemu babangu, katika nyumba ile ile ya Kibokoni ambamo alinilea mwaka mmoja, na huko sikuweza kujifanya mgeni. Nilikwenda mapema, mchana, nimsaidie binti yake, Maimuna, kutoa vyombo na kuchambua mchele. Nilikwenda pia na neno moja kifuani. Neno hilo lilikuwa haki ya Shangazi mwenyewe kulisikia. Nimekaa nalo miaka thelathini, nikisema Idd hii nitamwambia, Idd ijayo nitamwambia, na nafasi nilizipata tele, maana kila nilipokwenda kumuona tulijikuta wawili jikoni, Maimuna ametumwa ndimu dukani. Nami nikawa nasifu mvua, au nasema jua kali. Mpaka akafunikwa mchanga. Sasa niliona heri nimwambie bintiye, walau nitue mzigo. Najua, huo nao ni ubinafsi.

Maimuna alinikuta nimesimama mbele ya friji nikitafuta birika kubwa lililowekwa juu yake. Friji si ile ya zamani, lakini imekaa pembe ile ile, baina ya mtungi na kabati la vyombo. "Wataka kigoda?" akaniuliza, akacheka. Utani huo ni wa siku nyingi, nami nikacheka kwa sababu nimeshaucheka maisha yangu yote. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu mwenye urefu wa futi nne na inchi tisa. Watoto wa shule wakipishana nami njiani hunipima kwa macho, kisha wakagundua nina mvi, wakaona haya. Kigoda chenyewe bado kipo, mguu mmoja umetiwa kipande cha ubao. Nikakivuta, nikakipanda, nikatoa birika. Kigoda hicho ndicho nilichokuwa nikikalia nikila, mwaka huo ninaotaka kuusimulia.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na kimo cha mtoto wa miaka minane. Watu walikuwa wakisema nitakua tu, mbona fulani alichelewa na leo ni mlingoti, mpaka mwalimu mmoja akawaambia wazee wangu wanipeleke hospitali. Huko nikatolewa damu mara sijui ngapi, nikapigwa picha ya mkono. Daktari, mtu wa bara mwenye sauti ya taratibu, aliinua picha ile dirishani akatuonyesha mianya myembamba baina ya mifupa ya vidole. "Mnaona hapa? Hapa ndipo mtoto anaporefuka. Mwili wake hautengenezi homoni ya ukuaji ya kutosha, kwa hiyo tutamdunga sisi, kila siku, akienda kulala. Kipimo kinafuata uzito wake, na uzito ukipanda nacho kitapanda. Lakini mianya hii ikishaziba, hata mkimpa dawa ndoo nzima hakuna kitu. Tuna miaka miwili. Labda mitatu." Nikautazama mkono wangu wa kwenye picha. Nilidhani nikiukazia macho sana nitaona ukiziba.

Dawa haikupatikana kwetu siku hizo. Baba alikuwa Maskati, kazini, na yeye ndiye aliyeitafuta huko na kuituma kwa wasafiri, ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu, na kwa ajili yake hakurudi nyumbani Idd mbili. Ilitakiwa ikae kwenye ubaridi, na kwetu Bondeni hatukuwa na friji. Shangazi Mwanaidi alikuwa nayo, tena alikuwa muuguzi mstaafu, mjane mwenye nyumba yake ya ghorofa, mkono wake haujatetemeka. Basi Mama akanifungia nguo zangu nikapelekwa Kibokoni. Kutoka kwetu mpaka huko ni mwendo wa kutembea kwa miguu, hata jasho halitoki, lakini mimi nililia utadhani napelekwa Maskati kwenyewe. Shangazi alinipokea mlangoni, akanitazama juu mpaka chini, safari isiyo ndefu, akasema, "Karibu mwanangu. Hapa utakuja mfupi, utatoka mrefu, inshallah. Lakini kwangu kuna sheria."

Sheria ilitoka katika barua ya Baba. Mwenye duka la dawa wa huko Maskati alimwambia kwamba sindano ni nzuri ikidungwa usiku, tumbo likiwa jepesi. Maneno mawili hayo, tumbo jepesi, Shangazi aliyachukua akayapigilia msumari. Miaka ishirini alikuwa amefanya kazi katika wodi ya watu wa sukari, ambao sindano yao na sahani yao huendeshwa kwa saa, na kwake yeye sindano zote zilikuwa ndugu. "Sindano na chakula haviachani," alinambia. "Ukikosea wakati, mtu waweza kumuua. Na hii yako ni hivyo hivyo. Ikikuta wali tumboni yageuka maji. Utadungwa saa tatu, basi kuanzia saa kumi na mbili usitie kitu mdomoni ila maji. Hata peremende. Umenisikia?" Nikasema nimesikia. Hakumuuliza daktari. Mtu aliyedunga watu miaka ishirini hamuulizi daktari kijana habari ya tumbo jepesi.

Sasa nyumba za kwetu, kama unavyojua, chakula cha usiku huliwa baada ya isha. Kwa hiyo mimi nilikula saa kumi na moja na nusu, jikoni, juu ya kigoda, na kisahani changu cha bati chenye maua mekundu. Shangazi alinipikia kabla ya wenzangu, hakuninyima hata siku moja: mseto na papa, mbaazi za nazi, ndizi mbivu, kipande cha nguru kilichonona kuliko vyote. Alinitilia, akasimama kidogo, akasema "Kula ushibe, usiku mrefu," kisha akaenda kutawadha. Nikabaki na friji. Ile friji ilikuwa ikinguruma, inanyamaza, inatetemeka kidogo, inaanza tena, nami nikawa naisubiri kama mtu anavyosubiri mwenziwe ajibu. Siku stima ilipopotea na kimya kikashika, Shangazi alitoka mbio, kanga kichwani, akaenda Liwatoni kwa wauza samaki akarudi na barafu ndani ya gunia, maji yanamchuruzika mgongoni. "Dawa ya mwanangu haiharibiki nami ni hai," akasema. Nilimpenda siku hiyo. Lakini kuzoea kula peke yangu sikuzoea.

Kilichoniuma zaidi ni baada ya isha. Sinia liliteremshwa ukumbini, wanawake wakalizunguka, Shangazi, Maimuna, na majirani wawili watatu ambao hawakukosekana. Mlango wa chumba changu ulifungwa nisisikie harufu, kana kwamba harufu ya samaki wa kupaka inajua mlango. Nilikaa kitandani nasikiliza. Nilisikia maji ya kunawa, bismillahi, kisha kile kimya kifupi cha tonge za mwanzo, kisha maneno. "Mbona huyu mtoto bado yuko vile vile?" "Atakua. Dawa yatoka Ulaya." "Na asipokua je? Wallahi ukimvisha buibui utadhani ameiba la mamake." Wakacheka. Shangazi akasema, "Kuleni wali wenu mniachie mwanangu," lakini mimi nilisikia, au nilidhani nimesikia, kwamba naye alicheka kidogo. Sikuwa na njaa, tuelewane. Nilikuwa nimeshiba samaki. Nilichokitamani ni kugongana mkono na mtu ndani ya wali, nisogezewe kipande cha samaki na mkono wa mwingine, niambiwe "ewe, usinimalizie achari yangu." Nilitaka kugombana na mtu juu ya achari.

Miezi ya kwanza Shangazi alinidunga mwenyewe. Sindano ilikuwa kama kalamu nene. Unageuza kitako chake mpaka namba ya kipimo chako, inalia tik tik tik, unaminya ngozi, unachoma, unabonyeza, unahesabu kumi. Leo paja la kulia, kesho la kushoto, keshokutwa tumboni. Lakini macho yake yalianza kuingia ukungu, zile namba ndogo akawa hazioni, akanifundisha kujidunga. Akawa ukumbini na wenziwe ananiuliza kwa sauti, "Rukia, umesha?" Nami nikajibu, "Nimesha, Shangazi." Vile vichupa vya dawa vinavyotiwa ndani ya kalamu alivijua kila kimoja siku yake ya kwisha, na siku hiyo nilimpelekea kitupu, akakishika, akakitikisa karibu na sikio, akasema "Alhamdulillahi, hicho kimeingia mwilini."

Chini ya nyumba alikaa mpangaji, Bi Saada, muuza viazi vya karai, mama mnene mwenye huruma isiyo na breki. Mimi baada ya magharibi nilikuwa nakwenda chuoni kusoma Kurani, na nikirudi nampita mlangoni pake, yeye na wajukuu zake watatu wameshakaa chini kuzunguka kisinia. Siku moja akanishika mkono. "Ndoo hapa ukae, mamangu. Mtoto hakui kwa kutazama wenziwe wakila. Shangazi yako msomi, lakini tumbo halikusoma." Nikasema siwezi, nina sindano. "Tonge moja tu." Nikakaa. Ulikuwa mkate wa mofa na mchuzi wa pweza, na mjukuu mdogo akanipiga mkono akisema ile ngozi ya pweza ni yake, na mimi nikafurahi mpaka nikaogopa. Tonge moja lilikuwa kumi.

Usiku huo, saa tatu, nilikaa na kalamu ile mkononi. Pweza yuko tumboni. Nikidunga, dawa itageuka maji, na pengine, kwa hadithi za Shangazi za watu wa sukari walioanguka kama magunia, nitakufa. Nisipodunga, kichupa hakitakwisha siku yake, na Shangazi atajua. Nikageuza kitako mpaka namba yangu, nikachoma godoro la sufi, upande wa ukutani, nikabonyeza, nikahesabu kumi. "Rukia, umesha?" "Nimesha, Shangazi." Dawa ile ina harufu yake, kama wodi iliyopigwa deki sasa hivi. Nikaweka mto juu ya pale pabichi, nikalala.

Ningesema ilikuwa mara moja ningekuwa mwongo mara mbili. Ilianza mara moja kwa wiki, ikawa mbili, na wiki za baridi, mchuzi wa Bi Saada ukinukia mpaka ngazini, ikawa mara tatu na nne. Kila usiku wa namna hiyo nilijiambia kesho sitakaa. Kesho mjukuu mdogo akaniita "Rukia mfupi, nafasi yako hii hapa," naye akapiga mkeka. Nafasi yako hii hapa! Nimeshaambiwa maneno mengi matamu na watu wazima, wengine walikuwa wakinitaka, na hakuna lililonishinda kama lile.

Tulirudi kwa daktari baada ya miezi sita. Alinisimamisha ukutani, nikajivuta mpaka shingo ikauma. Nusu inchi. Akapima tena. Nusu inchi. Akakunja uso, akaniuliza mimi, si Shangazi, "Kuna siku unakosa sindano?" Nikamtazama kooni, nikasema, "Hapana." Shangazi akadakia, "Hakosi hata moja, daktari. Mimi navihesabu vichupa kwa mkono wangu." Alisema kwa fahari. Daktari akaandika, akasema basi huenda mwili wangu ni mgumu kuitikia, akapandisha kipimo kutoka nane hadi kumi na moja. Usiku huo nilikuwa sijala kitu, nikadunga kumi na moja kwa uaminifu, na wiki ile nzima nikaamka vidole vimekaza na viatu vya shule vinabana miguu iliyovimba. Nikaona ndiyo adhabu yangu hiyo, nikanyamaza.

Shangazi naye akatafuta kosa, na kwa kuwa kosa langu hakuliona, akaikaza sheria yake. Masaa matatu yakawa manne. Nikawa nakula saa kumi na moja, sare ya shule haijatoka mwilini. Akaanza kunipeleka chuoni na kunirudisha yeye mwenyewe, ameshika mkono wangu, tukampita Bi Saada, "Masalkheri, Bi Saada," "Akheri, Bi Mwanaidi," na mimi macho chini. Usiku akaniombea dua kwa sauti nikamsikia: "Ya Rabbi, usimfungie milango mtoto huyu." Na usidhani kumwaga kuliisha. Sheria ilivyokuwa kali ndivyo kitu kidogo kilivyoivunja. Tende moja ya chuoni, kipande cha kaimati alichonipa mwenzangu kwa siri, basi, nikahesabu tumbo langu limeharibika, na godoro likanywa. Uwongo wangu ndio uliouzidisha upweke wangu, na upweke ukazaa uwongo mwingine. Usiku nilikuwa nanyoosha mkono gizani, nawaza ile mianya ya mifupa.

Kisha siku moja ya Jumamosi nilirudi kutoka kwetu Bondeni nikakuta kitanda changu kitupu. Godoro lilikuwa juu ya paa, kwenye sakafu tuliyoanikia nguo, limelazwa juani. Shangazi alikuwa amekaa kando yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini. Alinitazama kwa yale macho yake yenye ukungu, muda mrefu, akasema, "Godoro hili lanuka jasho. Nimeona heri lipate jua." Nikashukuru Mungu kwamba pua yake imezeeka pamoja na macho. Alikuwa muuguzi miaka ishirini, nami nikashukuru kwamba pua yake imezeeka! Mtoto mwenye kosa hana akili hata kidogo.

Jumatatu yake, bila ya miadi, akanipeleka hospitali. Nilipimwa, nikaambiwa nikavae nguo nyuma ya pazia, na nikiwa huko nikasikia Shangazi anauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, sauti ya mwanafunzi. "Daktari. Mtoto huyu akila wali usiku na wenziwe, kisha akadungwa hapo hapo, dawa haiharibiki?" Daktari akashangaa. "Wali? Chakula hakina neno, mama. Ale anachokula, wakati anaokula. Cha muhimu asikose sindano. Siku zinazokosekana ndizo zinazomrudisha nyuma." Kisha akauliza, "Kwani nani aliwaambia asile?" Shangazi akasema, "Hakuna. Ni mimi." Nilisimama na gauni limenikwama kichwani, sikuweza kuliteremsha. Miezi yote ile ya kigoda, kumbe hakuna aliyeiagiza. Na dawa yote ile ndani ya sufi, nayo, kumbe, hakuna aliyenikataza kuidunga.

Njiani alitembea mbele yangu, jambo asilolifanya kamwe, na buibui lake lilikuwa limekaa upande. Alasiri hakuniwekea kisahani. Nilikaa jikoni nikangoja, nikaona basi, leo nanyimwa. Isha ikaadhiniwa, nikasikia sinia linateremshwa, maji ya kunawa, na kabla ya bismillahi sauti yake ikapita katika mlango: "Rukia! Ndoo ule." Nikatoka. Walikuwepo wote. Akapiga mkeka kando yake, akanimegea kipande cha nguru cha tumboni penye mafuta, akakiweka mbele yangu, na jirani mmoja alipofungua mdomo aulize, akamwambia, "Mwanangu ala na mimi. Kuna mwenye neno?" Saa tatu akaingia chumbani kwangu na taa ya mkononi na miwani mpya, akasema macho yake yamepona, akaichukua kalamu akanidunga mwenyewe. Na alinidunga kila usiku mpaka mwaka ukaisha, ameisogeza ile namba karibu na pua yake.

Nilikua. Inchi mbili nzima ndani ya miezi iliyobaki, viatu vyangu vyote vikanikataa. Lakini mwaka uliofuata picha ya mkono ilionyesha mianya imeziba, kabla ya wakati ambao daktari alikuwa ametutajia, na basi. Dawa niliyoimwaga ingenipa kiasi gani? Hakuna awezaye kunambia. Labda inchi moja, labda tatu. Futi tano kwangu ni nchi niliyoiona kwa mbali.

Baba alirudi Idd ya mwaka huo, tukakutana Kibokoni. Alinitazama mlangoni, akatabasamu na midomo tu. Baadaye nilisimama nyuma ya mlango wa ukumbi, mahali nilipojua vizuri kusikiliza. "Dada," alisema, "dawa yote ile? Nimekaa jangwani miaka miwili kwa ajili ya dawa ile." Na Shangazi akamjibu, sauti yake haikutikisika: "Kosa ni langu. Nilimfungia chakula kwa ujinga wangu, nikajifanya najua. Mtoto hana kosa lolote, usimtazame vile." Nilikuwa na mlango mmoja tu wa kuusukuma. Ningeusukuma nikasema, Baba, ni mimi niliyemwaga. Sikuusukuma. Nikaenda jikoni nikakaa juu ya kigoda. Kuanzia siku hiyo Baba alimpa dadake salamu tu, masalkheri, u hali gani, basi, mpaka alipokufa miaka kumi na sita baadaye. Shangazi alikuja mazikoni akakaa mwisho wa jamvi kama jirani. Na watu wakiuliza kwa nini nilibaki mfupi, alikuwa akiwajibu mbele yangu: "Ni mimi niliyemharibia." Nami nikaacha aseme. Miaka thelathini nikaacha aseme.

Haya ndiyo niliyomwambia Maimuna siku ya arobaini. Ilikuwa tayari usiku, wali umeshaiva, wanawake wanakaa ukumbini. Nilimwambia nimempa mgongo, napanga vijiko, kwa sababu uso kwa uso nisingeweza. "Maimuna, ile dawa niliimwaga mimi. Kwenye godoro. Mamako hakuniharibia kitu." Nikangoja. Yeye akaendelea kupakua.

"Najua," akasema.

Nikageuka. "Wajua?"

"Kwani godoro alilipandisha juu na nani? Mama aliniita akaninusisha. 'Nusa hapa, Maimuna. Hii si harufu ya jasho, hii ni dawa ya ndugu yangu.' Akakaa juu ya ile ndoo akalia mpaka ukarudi." Aliweka upawa chini kwa nguvu kidogo. "Nami nilikasirika, Rukia, usidhani sikukasirika. Mjomba amekufa hajala chakula cha dadake tangu Idd ile. Nikamwambia Mama, mwambie Mjomba ukweli. Akaniapisha kwa msahafu. Akasema, mtoto aliyemwaga dawa yake apate kula na watu, hana kosa. Kosa ni la aliyemtenga."

"Mbona mimi hakunambia kwamba ajua?"

"Alisema hilo ni neno lako, utalitoa mwenyewe siku utakayoweza. Hukuona kila ukija mimi natumwa ndimu?" Akacheka, lakini macho yalikuwa yamejaa. "'Maimuna, nenda kanunue ndimu, na usirudi upesi.' Miaka yote hiyo. Ndimu zikaoza humu ndani, twawagawia majirani. Na nikirudi namuuliza, amesema? Ananambia, bado. Amesema jua kali."

Akajitwika sinia akatoka nalo. Mimi nikakaa juu ya kigoda, kando ya friji, nikaangua kilio cha mtoto wa miaka kumi na mitatu, mdomo nimeuziba kwa kanga. Ng'ambo ya mlango nikasikia maji ya kunawa, nikasikia wakisogeleana, mtu akisema mpisheni fulani apate nafasi. Nikasubiri. Wallahi, nilisubiri kweli, kichwa nimekiinua, kama mjinga, niisikie sauti ya Shangazi. Friji ikanyamaza, ikatetemeka, ikaanza tena. Sasa hayupo wa kuniita. Nikanawa mkono, nikaenda mwenyewe.